Kijia cha Pembeni: Kwa Baiskeli Kati ya Maziwa ya Singida

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, kama kilometa 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na hata hivyo ni mkoa wa fukwe. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Kaskazini-magharibi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Kitangiri. Kutoka Kitangiri mto Sibiti huteremka kuelekea kaskazini-mashariki hadi Ziwa Eyasi. Kati ya fukwe hizo kuna nyanda za juu zenye mchanga na mawe, miteremko mikali, na mbuga za udongo mweusi zisizo na mwisho machoni. Ukiacha barabara kuu, njia zinazounganisha yote hayo ni za changarawe au vumbi tupu.

Siku hizi watu wa nchi nyingi hupanda baiskeli kwenye njia za namna hii kwa starehe na kwa mashindano. Mbio zilizoanza Kansas, Marekani, mwaka 2006 zilisaidia kuupa mchezo huo umaarufu. Kenya nayo ilianzisha zake katika Maasai Mara mwaka 2021. Baiskeli zao zina tairi pana kuliko zile za lami, usukani uliopinda kwa chini, na gia nyepesi za kupandia mlima. Nilikwenda Singida na baiskeli ya aina hiyo mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha na alizeti imeshavunwa. Nilikuta mkoa ambao umebebwa na baiskeli kwa vizazi, na ambao waendesha baiskeli wake wameshajichongea njia.

Alfajiri, Singidani hunuka chumvi na tope. Maji hurudi nyuma mvua zikikatika, na huacha ukanda mweupe wa magadi yaliyokauka. Tairi likipita juu yake, ganda hupasuka kwa sauti ndogo, na chini yake kuna udongo wa kijivu unaong'ang'ania kila unachokigusa. Nilishuka nikasukuma. Mbele, kwenye maji ya kina kifupi, heroe walisimama kwa mstari mrefu wa rangi ya waridi, vichwa chini, wakichuja chakula kwa midomo yao iliyopinda. Mwari wachache walielea kando yao. Mvuvi alikuwa akikunja wavu ufukweni. Ndani ya ndoo yake mlikuwa na perege wadogo, wa aina ile inayostahimili chumvi ambayo hupatikana pia Kitangiri, Eyasi na Manyara. Tulisalimiana, akarudi kwenye wavu wake.

Nyuma ya ufuko kuna mawe. Ni granaiti ya kijivu, jiwe moja likiwa kubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana kama magunia ghalani. Watu wamejenga katikati yake. Niliona nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe, na juu ya jiwe mtu ameanika karanga. Jua, mvua na upepo vimeusaga mwamba huo kwa muda usiohesabika, na mchanga uliotoka humo ndio umetandazwa kwenye njia zote za kuuzunguka mji: chembe kali, nyeupe na za waridi, zinazolia chini ya tairi.

Jua lilipopanda, upepo uliamka. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hutajwa kila yanapozuka mazungumzo ya umeme wa upepo Tanzania. Wakati wa kiangazi huvuma kutoka mashariki saa nyingi za mchana. Anayeelekea magharibi husukumwa mgongoni. Anayerudi mjini huinamisha kichwa na kuhesabu miti.

Niliondoka kwa upande wa kaskazini, kuelekea Ilongero na Mtinko. Lami inapokoma huanza changarawe nyekundu, pana, iliyopigwa na malori hadi imejikunja kwa migongo midogo midogo inayofuatana. Kila mgongo hupokelewa na viganja, kisha na mabega. Hapakuwa na baiskeli hata moja iliyokuwa ikipita katikati. Zote zilikuwa upande wa kushoto, nje ya mtaro, juu ya kijia chenye upana wa futi moja hivi.

Kijia hicho kiko pembeni ya karibu kila barabara ya vumbi ya Singida, na nikiulizwa mkoa huu una nini cha kumwonyesha mwendesha baiskeli, nitakitaja kabla ya maziwa. Kimeshindiliwa na nyayo na tairi hadi kimekuwa kigumu na laini. Kinakwepa kichuguu. Kinazunguka mti wa miiba, halafu kinajipitisha chini ya kivuli cha mwingine usio na miiba. Penye korongo, barabara kubwa hushuka moja kwa moja na kokoto zake. Kijia hutafuta mteremko wa upole, huenda kwa mshazari, na hutokea upande wa pili bila kumlazimu mtu kushuka. Pa kuvukia mtaro, mtu ameweka jiwe bapa. Pale ambapo mchanga ni mwingi, mtu ametandika mabua ya mtama. Hayo yote yamefanywa na watu wenye mzigo, kwa sababu mwenye mzigo ndiye anayejua mahali ambapo kilo zinaanza kuuma.

Nilikaa kando kuwaangalia wakipita. Kijana alikuwa na madumu sita ya lita 20 kila moja, manne ubavuni na mawili juu ya karia. Hizo ni kilo 120 za maji, bila kuhesabu chuma. Hakuwa amepanda, alitembea kando ya baiskeli, mkono mmoja usukanini na mwingine kwenye tandiko, akiisukuma kwa nyonga. Nyuma yake alikuja mzee mwenye tenga la kuku wa kienyeji, wale ambao abiria wa mabasi huwanunua wakipita Singida. Vichwa vyekundu vilichungulia kwenye matundu ya tenga. Kisha mama aliyembeba mtoto mgongoni na gunia la alizeti nyuma, anapedali taratibu, magoti nje kidogo, kitenge kimekunjwa kisiingie kwenye mnyororo. Kila mmoja alinisalimu kwanza. Kila mmoja aliniambia pole na safari.

Baiskeli zao ni zile nzito za Kichina na Kihindi, nyeusi, zenye breki za fito. Hakuna iliyobaki kama ilivyotoka dukani. Uma wa mbele umeungwa nondo pande zote mbili. Karia ya kiwandani imetolewa, na mahali pake pamechomelewa nyingine ya chuma kinene inayoweza kumbeba mtu mzima na gunia lake. Kamba ni vipande virefu vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Vinavutika, vinashika, havikati gunia.

Kazi hiyo niliiona ikifanyika chini ya mkwaju, karibu na njia panda. Fundi alikuwa na beseni la maji la kutafutia tundu, kopo la solusheni, msasa, bati lenye gololi zilizolowekwa kwenye mafuta, na pampu ya kusimama iliyofungwa waya mahali ilipopasuka. Kofia yake ilikuwa na vumbi lilelile la barabara.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na hiyo?”

Nilimwambia. Aliinyanyua baiskeli yangu kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akairudisha chini polepole.

“Inabeba nini?”

“Inanibeba mimi tu.”

Alitikisa kichwa, akapapasa tairi kwa kidole gumba. Kisha alinipa ushauri ambao nimeufuata tangu siku hiyo. “Ukichomwa na mwiba wa mgunga, usiuchomoe hapohapo. Mwiba wenyewe ndio umeziba tundu. Sukuma hadi kivulini, kaa, andaa kiraka chako. Ukiwa tayari ndipo uuchomoe, nao utakuwa umekuonyesha tundu lilipo.”

Mbele ya hapo kijia kinapita katikati ya mashamba. Alizeti iliyobaki imesimama ikiwa mabua tu, meusi, vichwa vimekatwa. Mtama na uwele umeshaingia maghalani. Nyumba za tembe bado zipo: kuta za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, mlango mfupi unaomfanya mgeni ainame. Karibu nazo kuna nyumba mpya za matofali na bati. Maboma mengi yamezungushiwa minyaa, kijani pekee kilichobaki mwezi huu. Kwenye miti mikubwa zaidi imetundikwa mizinga ya nyuki. Wazee wa Unyaturu, nchi hii ya Wanyaturu, husimulia habari za mwanamke wao aliyewapiga Wajerumani kwa kuwaachia nyuki, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukipita chini ya mzinga na kusikia mvumo wake, simulizi hiyo haihitaji kutetewa.

Kabla ya kuuona mji mdogo, unausikia na kuunusa. Mlio ni wa mashine ya kukamua alizeti. Harufu ni ya mbegu iliyopashwa moto, nzito, ya kukaribia kukaangwa, na inamfuata mtu hata baada ya kuvuka kona. Mlangoni baiskeli zimeegemezwa ukutani kwa safu, kila moja na gunia lake. Mafuta hutoka yakiwa na povu, rangi ya dhahabu iliyochafuka, yakatulia kwenye pipa. Pembeni kuna lundo la mashudu, chakula cha mifugo. Mwenye gunia huondoka na dumu la mafuta na kiroba cha mashudu, na baiskeli ile iliyokuja imelemewa nyuma hurudi imelemewa pande zote mbili. Nilikula hapo karibu, kwa mama lishe: ugali wa mtama, mlenda, na kipande cha kuku kilichohitaji meno imara. Maji ya kunywa aliyachota kwenye mtungi. Nilijua yamefika kwa baiskeli.

Kutoka Unyaturu njia inageuka magharibi kuingia nchi ya Wanyiramba. Ukiangalia nyuma siku isiyo na vumbi, Mlima Hanang unaonekana mashariki, mita 3,420, umesimama peke yake juu ya tambarare. Mbele, barabara inapanda na kushuka kwenye mabonde madogo yenye viazi vitamu na vitunguu. Nilipita Kinyangiri, ambako miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifikisha tawi la reli kutoka Manyoni. Baadaye reli hiyo iling'olewa. Mazao hayakuacha kusafiri. Yalirudi kwenye mgongo wa punda, kichwani, na kwenye karia.

Kiomboi ni mji wa juu, wenye miti na ubaridi wa jioni. Mwendo mfupi magharibi yake, ardhi inakatika.

Hakuna kinachokuandaa kwa ukubwa wake. Unafuata kijia kati ya vichaka, kinapinda kuuzunguka mwamba, na mbele yako hakuna tena ardhi ya usawa wako. Chini kabisa, kama mita 500, imelala mbuga ya Wembere. Rangi yake ni ya majani makavu, na imepasuliwa na mistari ya kijani mahali ambapo mikondo ya maji hupita wakati wa mvua. Upande wa kaskazini kuna bamba la fedha lisilo na ukingo ulio wazi. Hilo ni Kitangiri. Kusini, ukuta huohuo wa Bonde la Ufa unaendelea hadi Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, kupiga sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Leo malori hushuka Sekenke kwa lami. Njia yangu ilikuwa ya kokoto.

Kushuka kunahitaji mikono zaidi ya miguu. Changarawe imelegea, mawe makali yametokeza, na maji ya mvua zilizopita yamechimba mifereji inayovuka njia. Joto linapanda kila kona. Mimea inabadilika: juu miti ya mlama, katikati vichaka vya miiba, chini mibuyu, minene, isiyo na majani mwezi huu, magome yake yakiwa na makovu ya watu waliochuna nyuzi za kamba. Udongo nao unabadilika chini ya tairi, kutoka mchanga hadi mwekundu, kutoka mwekundu hadi kijivu, na mwishowe mweusi. Mtu aliyefumbwa macho angeweza kuijua Wembere kwa sauti peke yake. Mchanga wa juu hulia. Udongo mweusi uliokauka hunyamaza, halafu hugonga ghafla tairi linapoangukia ufa.

Kwenye mteremko huo nilikutana na wachuuzi wa samaki wakipanda. Walikuwa wametoka Tulya, kando ya ziwa, kabla ya mapambazuko. Kila baiskeli ilikuwa na tenga kubwa nyuma, limefunikwa kwa majani mabichi na gunia lililoloweshwa. Hakuna anayeweza kuupanda ukuta ule akiwa juu ya tandiko na mzigo huo. Wanasukuma, wawili wawili, mmoja mbele akivuta kwa kamba, mmoja nyuma akisukuma tenga kwa bega. Wakifika juu, anayesaidia hushuka tena kumsaidia mwenye baiskeli ya pili. Hawazungumzi. Pumzi zao zilisikika kabla hawajaonekana. Niliegesha kwenye jabali, nikawaachia kijia. Yule wa mwisho aliinua mkono bila kuinua kichwa.

Kitangiri lina ufuko wa matope na matete, tofauti kabisa na weupe wa Singidani. Linalishwa na mito ya Wembere na Ndurumo, na halina chumvi nyingi kama ndugu zake, kwa hiyo limejaa uhai unaoliwa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Samaki walianikwa juu ya vichanja. Ng'ombe mamia walikuwa ndani ya maji hadi magotini, na juu ya migongo yao yangeyange. Harufu ilikuwa ya moshi, samaki na samadi, na upepo wa mchana uliichanganya yote. Nilitembea ufukweni huku nikiikokota baiskeli. Watoto walitaka kujua gia zinafanya nini, nami nikawaachia wazungushe pedali huku gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa. Walielewa haraka. Mkubwa wao aliuliza kwa nini mtu atengeneze baiskeli yenye gia zote hizo kisha asiiwekee karia.

Kaskazini ya ziwa ndipo Sibiti inapoanza safari yake ya kwenda Eyasi. Daraja la Sibiti sasa linaunganisha Mkalama na Meatu mkoani Simiyu. Kiangazi, mbuga ya kando ya mto hupitika kwa urahisi na njia zake ni nyingi, kwa sababu kila mwaka tope huzifuta na kila mwaka watu huzianza upya. Masika ni habari nyingine. Udongo mweusi ukilowa hujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, na baiskeli hubebwa begani. Wenyeji wa huko, Wanyisanzu, Wataturu wafugaji na Wahadzabe walio upande wa Eyasi, hupanga safari zao kwa kufuata hilo. Mgeni naye afanye hivyo: Juni hadi Oktoba, na aanze mapema kabla ya upepo.

Nina neno moja kwa wanaotengeneza barabara hizi. Greda hupita mvua zikiisha, na barabara hunyooka. Ni kazi njema. Magari ya wagonjwa na mabasi huyahitaji matunda yake. Lakini udongo unaosukumwa pembeni hukifukia kijia, na mtaro mpya hukikata mahali pasipo na jiwe la kuvukia. Niliona sehemu za namna hiyo. Wenye madumu walikuwa wamesukumwa kuingia kati ya malori, na pembeni, juu ya kifusi, alama nyembamba ya tairi ilikuwa imeshaanza kujichora upya. Barabara ambayo watu wake wengi hupita kwa baiskeli inastahili ukanda wake wa pembeni, ulioshindiliwa, wenye vivuko vya mtaro, tangu siku inapochorwa. Waliokianzisha kijia wameshaonyesha mahali pake pa kupita. Kazi iliyobaki ni kukifuata.

Na kwa atakayekuja na baiskeli ya starehe, fukwe za Singida zinamngoja, nami namtakia azione zote. Akumbuke tu kwamba anapita kwenye njia ya kazi ya watu wengine. Anunue mafuta yao, ale kwa mama lishe, ajaze upepo kwa fundi hata kama ana pampu yake. Na kijia kikiwa chembamba, amwone mtu anasukuma mlimani na tenga au madumu, yeye ndiye wa kushuka na kupisha. Mwenye mzigo akisimama katikati ya mlima, kuondoka tena ni shida.